Mstari Mwekundu Juu ya Isongole

Nimefundisha usomaji wa ramani kwa miaka kumi na tisa, na karibu miaka yote hiyo sikuwahi kupanda hata kilima kimoja kati ya vile nilivyokuwa nawauliza wanafunzi urefu wake. Nilikuwa nasimama mbele ya darasa hapa Tunduma, nje malori yakinguruma kwenye foleni ya kuingia Zambia, nawaambia watoto wa watu kwa sauti ya mtu aliyeshuka mlimani jana yake kwamba mistari ya kontua ikikaribiana, mteremko ni mkali. Ukali wenyewe nilikuwa naujua kwa wino tu. Siku nilipoujua kwa magoti nilikuwa nimeshaharibu, na aliyeharibikiwa hakuwa mimi. Alikuwa mjane mmoja wa milima ya Ileje, mwenye boma la nyumba lililokuwa linasubiri mabati kabla ya mvua.

Ilianza na sukari. Jirani yangu ni wakala wa forodha, mtu ambaye kazi yake ni kukaa kwenye kiti kinachozunguka na kuwafokea madereva kwa simu. Alipimwa akaambiwa damu yake ina sukari ya kutosha chai ya msibani. Aliyempima ni muuguzi, rafiki yangu wa siku nyingi, ambaye mwenyewe ana presha na anaikimbia kwa kuwapima wenzake. Mimi nilikuwa na magoti yaliyochoka kusimama ubaoni. Tukakubaliana watatu kwamba tutembee. Tukaanza alfajiri kando ya barabara kuu, na baada ya wiki mbili za kuvuta moshi wa malori yaliyolala foleni, muuguzi akasema bora afe na presha yake akiwa kitandani.

Ndipo wakala akapata wazo. Mawazo ya wakala huja akiwa ameshiba, na siku hiyo tulikuwa sebuleni kwake mbele ya sinia la nyama ya kuchoma, tukijadili afya.

"Twende milimani kabisa," alisema. "Porini. Wazungu ndivyo wanavyofanya. Wanachukua ramani, wanachagua njia, wanatembea siku nzima. Mwalimu, si unazo ramani wewe?"

Ninazo. Kwenye stoo ya shule kuna shiti za zamani za milima ya Ileje, zile kubwa zenye kontua za kahawia na mito ya buluu, zilizochapwa kabla sijazaliwa. Panya walikuwa wamekula sehemu kubwa ya Malawi, lakini upande wetu ulikuwa mzima. Na simu kule haisaidii kitu. Ukifika Isongole tu, kule mpakani, inakukaribisha Malawi, inarudisha saa nyuma kwa saa nzima, halafu ramani yake inakuonyesha rangi ya kijani tupu na nukta ya buluu inayozunguka kama kuku aliyekatwa kichwa. Kwa hiyo ilikuwa ni karatasi au hakuna safari.

Nikaitandaza ile shiti juu ya meza ya wakala, tukasogeza sinia. Nakiri kwamba nilikuwa na raha. Nilichukua uzi wa kushonea nikaulaza juu ya njia za miguu zilizochorwa kwa vinukta, nikaukunja palipokunja, nikaunyoosha kwenye skeli, nikatangaza: kilomita kumi na saba, kutoka Isongole kupanda hadi mgongo wa mlima, kuzunguka, na kurudi Isongole. Wakala akasema kumi na saba si kitu, gari lake linazimaliza kabla redio haijamaliza taarifa ya habari. Muuguzi akauliza choo kiko wapi. Nikachora mstari kwa penseli nyekundu, laini, mzuri, unaopita juu ya vilima kama mtu asiyevuta pumzi. Nilivyoutazama nilijiona nimeshafika.

Mtu mwenye akili angeishia hapo, akaenda kutembea. Lakini mimi ni mwalimu, na mwalimu hawezi kufanya jambo bila maandalizi ya somo. Nikasema lazima kwanza njia ikaguliwe na iwekewe alama kwenye kila kona, ili siku ya safari asipotee mtu. Nikamwendea fundi seremala wa shule, akanichongea vigingi kumi na viwili. Nikavipaka rangi nyekundu kichwani. Halafu, kwa kuwa nimesoma, nikaandika kwenye kila kigingi namba za gridi kwa kalamu isiyofutika. Sikuona kasoro yoyote. Nilivipanga kwenye baraza yangu nikavipiga picha.

Tulikwenda kukagua Jumamosi moja ya mwezi wa kumi, mimi na wakala. Muuguzi alikuwa zamu. Wakala alikuja amevaa reflekta ya njano, ile anayovaa akishuka kwenye yadi ya malori, eti ili bodaboda wasimgonge. Mkononi alikuwa na nyundo, na kwapani ubao wa kubania karatasi, sijui wa nini, nadhani anajisikia uchi bila huo ubao. Mimi nilibeba ramani kwenye bomba la plastiki na vigingi ndani ya kiroba. Pikipiki mbili zikatupandisha kutoka Isongole hadi barabara ilipoishia. Hapo tukaanza kwa miguu, na baada ya nusu saa wakala akawa anaomba tusimame kila penye kivuli ili "asome mazingira."

Kona ya saba ya mstari wangu iliangukia kwenye uwanja wa yule mama. Kwenye ramani pale palikuwa na rangi ya msitu. Tulipofika palikuwa na migomba, kahawa, jiko la nyasi linalofuka moshi, na mbele yake boma la vyumba vitatu, kuta za matofali mabichi zimefika kwenye linta, zile mbao za juu ya madirisha, zimenyooka vizuri. Kando yake yalikuwa mabati, yamelazwa juu ya magogo. Mwenyewe alitoka jikoni akijifuta mikono kwenye kanga.

"Shikamoo, mama," nilisema.

"Marahaba, wanangu. Karibuni. Mmetoka wilayani?"

"Hapana, mama. Tumetoka Tunduma."

Akaitikia kwa kichwa, polepole, kama aliyeambiwa kwamba cheo kimepanda. Akamtazama wakala, reflekta yake, nyundo yake. Akakitazama kiroba.

"Mmekuja na kazi gani?"

"Hatuna kazi, mama. Tunatembea tu. Mazoezi."

"Mazoezi," alisema. "Karibuni mfanye."

Sasa fikiria mwenyewe. Watu wa milima ile hupanda na kushuka kila siku na mikungu ya ndizi kichwani, na hawajawahi kumwona mtu anayepanda bila mzigo ili ashuke tena bila mzigo. Wanaowajua wao wanaokuja na karatasi kubwa, vesti ya njano na vigingi vyenye kichwa chekundu ni watu wa aina moja tu. Na hao nao wakiulizwa husema wanapita tu. Nilisema ukweli mtupu, na ukweli wangu ulifanana na uongo wao kama pacha.

Nikahitaji mahali pa kutandaza ramani. Nikaitandaza juu ya mabati yake, nikaikandamiza kwa mawe manne. Akasogea karibu, akanieleza habari ya nyumba bila mimi kuuliza. Mume wake alifariki kuta zikiwa usawa wa madirisha. Akaendelea yeye na wakwe zake. Mabati yalipandishwa kutoka barabarani kwa kichwa, mawili mawili. Mbao za kenchi ziko kwa jirani. Fundi anakuja Jumanne kupaua, maana matofali haya hayajachomwa, mvua ikiyakuta wazi hayana msamaha.

"Na hapa kwenye karatasi," akauliza, "nyumba yangu iko wapi?"

Hapo ndipo nilipoharibu. Kwa miaka kumi na tisa nilikuwa nasubiri mtu aniulize swali kuhusu ramani kwa hiari yake, bila kutishiwa mtihani. Nikafurahi. Nikachukua kalamu nikamwonyesha: hapa Isongole, hapa mto, hapa mlima, na hapa, kwenye kona ya saba ya mstari mwekundu, ndipo tuliposimama.

"Nyumba yako haipo, mama," nilimwambia, nikicheka kidogo. "Kwa ramani hii, hapa hakuna mtu. Ni msitu mtupu."

Nilikuwa nafundisha umri wa ramani. Yeye alikuwa anasikiliza hukumu. Na wakati huohuo wakala, aliyekuwa amepata nguvu baada ya kupumzika, akahesabu hatua kumi kutoka mlangoni kwake na kugonga kigingi namba saba kwa mapigo matatu. Yule mama akavitazama vile vichwa vyekundu vilivyobaki kwenye kiroba. Halafu akaingia jikoni, akatuletea ndizi za kuchemsha na maharage, tukala tukashiba. Mgeni njoo mwenyeji apone, walisema wahenga. Labda walikuwa wanamfikiria mgeni mwingine.

"Mtarudi lini?" aliuliza tulipokuwa tunaaga.

"Baada ya wiki mbili," nilisema. "Na siku hiyo tutakuwa wengi."

"Wengi," alirudia.

Jumanne fundi alikuja na msumeno wake, akaambiwa asubiri. Hili nililijua baadaye, lakini naliandika hapa kwa sababu ndipo lilipotokea, na pia ili msomaji asicheke sana na haya yanayofuata kama sisi tulivyocheka. Yule mama alikuwa na hesabu yake, na haikuwa ya kijinga. Bondeni, barabara ilipopanuliwa, walioendelea kujenga baada ya vigingi kupita waliambiwa wamejenga wakijua, wakabaki na lawama na kifusi. Kwake yeye, kuezeka baada ya kigingi ilikuwa ni kugombana na serikali. Akaona bora asubiri wale watu wa Tunduma warudi, waseme nyumba inabaki au inaondoka. Wiki mbili si nyingi, na mvua ilikuwa bado.

Sisi huku tulikuwa tunajadili fulana. Kikundi kilikuwa kimekua. Wakala aliwasimulia watu jinsi alivyoushinda mlima, na kufikia wiki ya pili grupu letu lilikuwa na wanachama kumi na wanne, mwenyekiti, katibu, mweka hazina na katiba, na hakuna aliyekuwa ametembea hata kilomita moja isipokuwa mimi na mwenyekiti, yaani wakala. Wapo waliotaka fulana za kijani kwa ajili ya mazingira. Wapo waliotaka za machungwa ili tuonekane tukipotea. Mwanachama mmoja alitaka maneno mgongoni yawe ya Kiingereza, mwingine akasema hatuvai Kiingereza mbele ya wazee wa kijiji. Safari ikaahirishwa kwa sababu ya fulana, kisha kwa sababu ya harusi, kisha kwa sababu mtandao wa forodha ulizima na mwenyekiti hakuweza kuondoka mpakani. Kila ilipoahirishwa mtu aliandika kwamba haraka haraka haina baraka, na wenzake wakaweka vidole gumba.

Katikati ya mwezi wa kumi na moja nilipigiwa simu na kijana wa pikipiki aliyetupandisha siku ile.

"Mwalimu, habari za huko. Yule mama wa kule juu ananisumbua kila nikipita. Anauliza, nyumba yake mmeamuaje?"

Nilikuwa nasahihisha mitihani na jicho moja liko kwenye grupu, ambako rangi ya machungwa ilikuwa inaongoza. Ningeweza kumuuliza, kuamua nini? Swali la maneno mawili, ambalo ningemchapa mwanafunzi kwa kutoliuliza. Sikuuliza. Niliona ni maneno ya mtu mzima aliyekaa peke yake mno.

"Mwambie asiwe na wasiwasi," nilisema. "Tunakuja."

Mvua ya kwanza kubwa ilinyesha Tunduma siku tatu baadaye. Vumbi likalala, malori yakang'aa, nami nikakaa barazani na chai yangu nikashukuru. Mwenyekiti akaandika kwenye grupu kwamba mvua ni baraka, tusubiri ipungue kidogo. Ikanyesha wiki nzima.

Tulikwenda mwanzoni mwa mwezi wa kumi na mbili, tukiwa tisa kati ya kumi na wanne, kwenye Kosta ya kukodi, ndani ya fulana za machungwa zilizoandikwa mgongoni jina la kikundi na chini yake "Hatua Kwa Hatua." Njia ilikuwa utelezi. Kile kipande ambacho uzi wangu ulisema ni kilomita mbili kilitula saa mbili, na mweka hazina alikaa chini mara ya tatu akatangaza kwamba ramani inadanganya. Haikudanganya. Kontua zilikuwa zimekaribiana palepale zilipochorwa, ni mimi niliyepitisha mstari juu yake nikiwa nimeshika mfupa wa nyama.

Tulipotokea kwenye uwanja wa yule mama nilidhani nimekosea kona. Boma halikuwepo. Palikuwa na tuta la udongo mwekundu lenye urefu wa kiuno, mbao za linta zimechomoza kama mbavu, na pembe moja tu ya ukuta ilikuwa bado imesimama. Mabati yalikuwa vilevile juu ya magogo, yamefunikwa vizuri kwa majani ya migomba. Na hatua kumi kutoka pale palipokuwa mlango, kigingi namba saba kilikuwa wima, safi, kimezungushiwa kijiugo cha miiba ili mbuzi wasikiangushe.

Alitoka jikoni akatukuta tumejipanga, watu tisa wa rangi moja. Hakushtuka.

"Mmechelewa," alisema. Haikuwa lawama, alikuwa anataja jambo tu. "Mvua imewasaidia kazi. Sikuezeka, mwanangu. Jirani zangu ni mashahidi. Andikeni hivyo, kwamba mama huyu hakuezeka."

Muuguzi ndiye aliyeelewa wa kwanza, maana yeye amezoea kusikia watu wakisema mambo makubwa kwa sauti ndogo. Akanishika mkono. Mwenyekiti wetu, aliyekuwa na ubao wake kwapani, akaushusha taratibu akauficha nyuma ya mgongo. Nami nikaona aibu ambayo sijawahi kuiona, aibu ya kutaka kuvua ile fulana pale pale mbele za watu.

"Mama," nilisema, "hakuna barabara. Hakuna mtu anayechukua uwanja wako. Hatukutumwa na mtu. Tulikuwa tunatembea tu."

"Tangu ile siku ya kwanza?"

"Tangu siku ya kwanza."

"Na kigingi?"

"Ni cha kutuonyesha pa kugeukia. Ili tusipotee."

"Mgeukie kwenda wapi?"

Nikaonyesha mgongo wa mlima, nikaonyesha unavyozunguka, nikaonyesha bondeni. Nilijua ninachokwenda kusema na sikuwa na jinsi ya kukisema kikawa na akili. "Tunarudi Isongole."

"Mmetoka Isongole."

"Ndiyo, mama."

"Mnarudi Isongole."

"Ndiyo."

Kisha akageuka, akapaza sauti kwa Kindali, lugha ya kwao, kuelekea kwenye migomba ya jirani, maneno machache, na kule kwenye migomba mtu akauliza kitu, naye akajibu, na huyo mtu akaanza kucheka. Yule mama naye akacheka. Alicheka akainama, akashika magoti, akajifuta macho kwa ncha ya kanga, na alipoinua uso sikuweza kujua ni kicheko kilichomtoa machozi au ni kingine. Hakuna hata mmoja wetu aliyecheka, na sisi ndio tuliokuwa tumekuja kuburudika.

Nikasema kiangazi kikifika tutakuja kumfyatulia matofali, kikundi kizima, na safari hii tutayachoma. Nilisema kwa haraka, nikihesabu vidole kumwonyesha ni watu wangapi, ni siku ngapi. Nyuma yangu nilisikia mweka hazina akikohoa.

"Karibuni," alisema, kwa sauti ileile aliyonijibu nayo siku nilipomwambia tunafanya mazoezi.

Kisha akatazama juu, mawingu yalikuwa yanajikusanya upande wa mlima.

"Haya, tembeeni basi," alisema. "Mvua isije ikawakuta huko juu."

Akasogea pembeni ya uwanja wake mwenyewe, akasimama kwenye matope, akatupisha tupite.